Carlos Lopes na swali la nani hakuwepo

Ukilitaja jina la Carlos Lopes, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya 1984, mbele ya mashabiki wa riadha wa Afrika Mashariki, hasa wale ambao umri unawaruhusu kuikumbuka miaka ya 1980, hutachelewa kuisikia hoja moja: kwamba Mreno yule alikuwa mkimbiaji hodari, hilo halina ubishi, lakini alishinda kwa sababu watu wetu hawakuwepo. Atatajwa Miruts Yifter wa Ethiopia, atatajwa Henry Rono wa Kenya, itatajwa miaka ya kususia Olimpiki, kisha mazungumzo yatahamia kwa John Ngugi, bingwa wa nyika wa Kenya, kana kwamba mbio za masafa marefu zilianza naye. Hoja hiyo siipuuzi, maana ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, kila ninapoyapitia matokeo ya Lopes tangu mwanzo hadi mwisho, nikitazama si nani alishinda tu bali pia nani alikuwa ubavuni mwake na nani alibaki nyumbani, naiona ikipungua uzito mwaka hadi mwaka, mpaka inapofika Machi 1985 inakosa kabisa pa kusimama.

Lopes alizaliwa tarehe 18 Februari 1947 huko Vildemoinhos, kitongoji cha mji wa Viseu, katika sehemu ya Ureno iliyo mbali na bahari na mbali zaidi na fedha. Alianza kazi za mikono angali mvulana, kama walivyofanya watoto wengi wa familia za kipato kidogo katika nchi ile iliyokuwa chini ya utawala wa kidikteta wa Salazar. Alichokitaka ni kucheza mpira. Klabu ya kwao, Lusitano de Vildemoinhos, ilimwona mwembamba mno kwa kandanda, na hivyo kijana akageukia mbio. Tukumbuke kwamba huo ulikuwa wakati ambapo shujaa mkubwa wa michezo wa Ureno nzima alikuwa Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, aliyeipeleka timu ya taifa hadi nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 1966. Mkimbiaji wa Ureno hakuwa na wa kumwiga. Katika riadha ya Olimpiki nchi hiyo ilikuwa haijawahi kupata medali hata moja, ya rangi yoyote.

Mwaka 1967 Lopes alihamia Lisbon na kujiunga na Sporting, klabu ambayo wengi wetu tunaijua kwa soka, lakini ambayo kwa Wareno wa rika lake ilikuwa pia nyumba ya riadha. Huko alimkuta kocha Mário Moniz Pereira, mtu wa aina yake, aliyekuwa mwalimu wa riadha mchana na mtunzi wa nyimbo za fado usiku. Moniz Pereira alikuwa na imani iliyowafanya wenzake wamcheke: kwamba Mreno anaweza kuwashinda Wafini, Waingereza na Warusi katika mbio ndefu, mradi apewe muda wa kufanya mazoezi kama wao. Neno zito hapo ni muda. Wanariadha wake walikuwa waajiriwa kama watu wengine, wanaingia kazini asubuhi na kutoka jioni, kisha wanakuja uwanjani wakiwa na uchovu wa siku nzima. Lopes alikimbia hivyo kwa miaka. Olimpiki ya Munich ya 1972 alikwenda, akatolewa katika hatua ya mchujo, akarudi kazini.

Mambo yalibadilika baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 yaliyouangusha utawala ule wa zamani. Moniz Pereira alidai, na hatimaye akakubaliwa, kwamba wakimbiaji wake bora waruhusiwe kuacha kazi kwa sehemu ya siku ili waweze kufanya mazoezi mara mbili, asubuhi na jioni. Kwa mkimbiaji wa leo wa Iten au Arusha jambo hilo si la kusimulia. Ni kawaida, tena ni kima cha chini. Kwa Lopes lilikuja akiwa anakaribia miaka 29. Mtu yeyote anayeshangaa ilikuwaje akavuna akiwa na miaka 37 na 38 aanze kulitafuta jibu hapa, kabla hajaanza kuzungumzia miujiza ya maumbile. Miguu yake ilianza kazi nzito wakati ambapo ya wengine ilikuwa imekwisha kutumika kwa muongo mzima.

Matunda yalionekana upesi. Mwishoni mwa Februari 1976, huko Chepstow katika nchi ya Wales, Lopes alishinda mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Watetezi wa hoja yetu watasema, na watakuwa sahihi, kwamba Kenya na Ethiopia zilikuwa hazijaanza kupeleka timu zao kwenye mashindano hayo. Basi ushindi huo wa kwanza tuuweke kando. Hauthibitishi lolote katika ubishi huu.

Kisha ikaja Montreal, Julai 1976. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yote, na panastahili kutazamwa taratibu. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Michezo. Kamati ya Olimpiki ilikataa, na nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusia. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo, na sisi tunaukumbuka zaidi kwa jambo moja: Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukutana na John Walker wa New Zealand. Lakini hasara haikuwa ya mita 1500 pekee. Katika mita 10,000 alikosekana Yifter, aliyekuwa ametwaa shaba Munich, na walikosekana Wakenya wote.

Waliobaki walikimbia fainali ambayo hadi leo naiona miongoni mwa zile zinazomfundisha mtu namna mbio ndefu zinavyojengwa. Mwanzo ulikuwa wa polepole; kilomita tano za kwanza zilipita kwa zaidi kidogo ya dakika 14. Lopes, mfupi, mwembamba, mikono ikiwa chini, alikuwa amekwisha kushika uongozi na sasa akaanza kuikaza kasi mzunguko baada ya mzunguko, bila kuruka na bila kuyumba, akimnyima kila aliyekuwa nyuma yake nafasi ya kuvuta pumzi. Wakakatika mmoja mmoja. Brendan Foster wa Uingereza alishikilia kadiri alivyoweza, naye akaachwa. Akabaki Lasse Virén wa Finland, bingwa mtetezi, aliyekaa nyuma ya Lopes hatua mbili tatu na kukataa kwenda mbele hata mara moja. Nusu ya pili ya mbio ilikimbiwa kwa kasi iliyoizidi ya kwanza kwa zaidi ya nusu dakika, na kazi yote hiyo aliifanya mtu mmoja. Mzunguko wa mwisho ulipokaribia, Virén akampita. Alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 40.38, Lopes akafuata kwa 27:45.17. Kutangulia si kufika, na mizunguko ya uwanja wa Montreal ililithibitisha hilo bila huruma.

Yifter angekuwepo ingekuwaje? Wahenga wamekwisha kutujibu kwamba asiyekuwepo na lake halipo, lakini sisi mashabiki hatuwezi kujizuia, kwa hiyo nitatoa rai yangu. Nadhani Yifter angemshinda Lopes siku ile. Virén alimpita kwa mbio za mwisho, na kwa mbio za mwisho Yifter alikuwa hatari kuliko Virén; mwaka 1980 huko Moscow alizitumia kutwaa dhahabu mbili, moja yao mbele ya Mtanzania Suleiman Nyambui aliyepata fedha katika mita 5000. Hivyo basi Montreal nawaachia wapinzani wangu. Medali ile ya fedha, ya kwanza kwa Ureno katika riadha ya Olimpiki, ilipatikana katika uwanja ambao nusu ya wapinzani halisi hawakuwepo.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya. Mwaka 1977 Lopes alikuwa wa pili katika mbio za nyika za dunia huko Düsseldorf, nyuma ya Mbelgiji Leon Schots, kisha majeraha yakamwandama, hasa ya kano ya kisigino, jeraha ambalo mkimbiaji yeyote analiogopa kwa sababu hupona nusu na kurudi likiwa zima. Moscow 1980 hakukimbia. Alikuwa na miaka 33, na kwa hesabu za wakati ule mtu wa umri huo aliyekaa miaka mitatu minne akiuguza mguu alikuwa amekwisha. Magazeti ya kwao yalikuwa yamemgeukia Fernando Mamede, mwenzake wa Sporting aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya minne, mwenye kipaji ambacho pengine kilizidi cha Lopes mwenyewe.

Aliporudi, alirudi tofauti. Juni 1982, katika uwanja wa Bislett mjini Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa 27:24.39, rekodi ya Ulaya, akiwa na miaka 35. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Rono, 27:22.47, iliyowekwa Vienna mwaka 1978 katika msimu ule wa ajabu ambao Mkenya huyo alivunja rekodi nne za dunia. Lopes aliikosa kwa chini ya sekunde mbili. Ningependa wanaosema kwamba aliwakwepa watu wetu waitafakari namba hiyo kidogo: saa ya uwanjani haisusii, na mkimbiaji aliyekuwa akimfukuza jioni ile alikuwa Mkenya, hata kama mwenyewe hakuwepo.

Tangu hapo walikuwepo, na walikuwepo wengi. Machi 1983, huko Gateshead kaskazini mwa Uingereza, mashindano ya dunia ya nyika yaliamuliwa katika mita za mwisho kabisa, wanaume kadhaa wakiukimbilia utepe kwa pamoja. Akashinda Bekele Debele wa Ethiopia, Lopes akawa wa pili, na wa tatu akawa Some Muge wa Kenya. Nadhani hatumtaji Muge inavyostahili. Kila medali ya nyika ambayo Wakenya wameibeba baadaye ina deni kwake. Agosti ya mwaka huohuo, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha huko Helsinki, Lopes alikuwa wa sita katika mita 10,000, na aliyemtangulia mara moja alikuwa Mtanzania Gidamis Shahanga. Fainali ile ilikwenda polepole na kuishia kwa mbio fupi, mtindo uliomfaa Muitalia Alberto Cova na usiomfaa hata kidogo Lopes, ambaye hakuwahi kuwa na miguu ya mita 200 za mwisho.

Nadhani udhaifu huo ndio uliompeleka kwenye marathoni. Mara ya kwanza alijaribu New York mwaka 1982, hakumaliza. Mara ya pili ilikuwa Rotterdam, Aprili 1983, na hapo alikimbia sako kwa bako na Robert de Castella wa Australia mpaka barabara ya mwisho, akashindwa kwa sekunde mbili: 2:08:37 kwa 2:08:39. Mtu anayemaliza marathoni yake ya kwanza kwa muda huo, akiwa na miaka 36, amekwisha kujipatia jibu la swali lake. Alirudi Rotterdam mwaka 1984 bila kumaliza, na mshindi mwaka huo akawa Shahanga yuleyule. Kabla ya Los Angeles, basi, Lopes alikuwa amemaliza marathoni moja tu maishani mwake.

Machi 1984 alitwaa tena ubingwa wa dunia wa nyika, safari hii East Rutherford katika jimbo la New Jersey, miaka minane baada ya ule wa kwanza. Kisha tarehe 2 Julai, mjini Stockholm, yakatokea mambo ambayo Wareno wanayazungumza mpaka leo. Lopes na Mamede waliingia katika mita 10,000 pamoja. Lopes, kama kawaida yake, aliongoza na kuvuta. Mamede akakaa nyuma, kisha mwishoni akampita. Mamede 27:13.81, Lopes 27:17.48. Wote wawili, wa klabu moja, wa kocha mmoja, walikuwa wameishusha rekodi ya Rono iliyodumu miaka sita. Ilikuwa Montreal tena, ila tofauti ni kwamba safari hii aliyefaidi kazi yake alikuwa rafiki.

Wiki tano baadaye Mamede, mwenye rekodi mpya ya dunia, alitoka nje ya uwanja katikati ya fainali ya Olimpiki ya mita 10,000 na kuondoka. Hakuwa ameumia. Aliwahi kushindwa vivyo hivyo katika mashindano makubwa mengine, na kila mara waandishi wa kwao walimwandika kwa ukali ambao mimi nauona haukuwa wa haki. Mtu anaweza kuwa na mapafu ya kuivunja rekodi ya dunia katika jioni tulivu ya Stockholm na asiwe na kile kinachohitajika mbele ya watu laki moja. Lopes alikuwa nacho tele. Siku chache kabla ya Michezo gari lilikuwa limemgonga akiwa mazoezini katika barabara ya Lisbon. Aliinuka, akajikagua, akakuta hajavunjika, akaendelea na ratiba yake.

Marathoni ya wanaume ilikimbiwa tarehe 12 Agosti 1984, ikianzia Santa Monica jioni kukiwa bado na joto, na kuishia katika uwanja wa Coliseum ambako umati ulikuwa umekwisha kukaa ukingoja sherehe za kufunga Michezo. Ureno ilikuwa imekwisha kupata shaba mbili: ya Rosa Mota, wiki moja kabla, katika marathoni ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake, na ya António Leitão katika mita 5000. Dhahabu ilikuwa haijawahi kupatikana, si katika riadha, si katika mchezo wowote, tangu nchi hiyo ilipoanza kushiriki.

Waliopewa nafasi kubwa walikuwa de Castella, bingwa wa dunia, na Mjapani Toshihiko Seko. Na kwetu sisi alikuwepo Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemsukuma de Castella mpaka karibu na utepe katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane. Ikangaa hakujua kukimbia kwa kujificha. Yeye na Joseph Nzau wa Kenya walikuwa katika kundi la mbele hadi mbio zilipokaribia theluthi ya mwisho, na wakati huo wote ukimtafuta Lopes katika filamu ya mbio zile huna budi kumtafuta kweli, kwa sababu amejibanza ndani ya kundi, hachukui upepo, hajibu mashambulizi madogomadogo, wala uso wake hauonyeshi chochote. Mtu aliyeongoza karibu mbio zote za Montreal, na za Stockholm mwezi mmoja tu kabla, sasa anawaacha wengine waongoze.

Seko akaachwa, de Castella akaachwa, Ikangaa na Nzau wakaachwa. Wakabaki watatu: Lopes, John Treacy wa Ireland na Charlie Spedding wa Uingereza. Inapendeza kukumbuka kwamba Treacy, kama Lopes, alikuwa bingwa wa dunia wa nyika mara mbili, na hiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza. Matope ya mbio za nyika yaliwaandaa watu hao kwa lami ya Los Angeles kuliko wengi walivyodhani. Baada ya kilomita 35 Lopes aliondoka. Hakuna mahali unapoweza kusimamisha picha na kusema hapa ndipo aliposhambulia. Kasi iliongezeka kidogo, ikakaa pale ilipoongezeka, na pengo likafunguka lenyewe. Kilomita tano kati ya 35 na 40 alizikimbia kwa chini ya dakika 15, kasi ambayo katika marathoni ya Olimpiki, kwa joto lile na kwa wakati ule, haikuwa imezoeleka. Aliingia Coliseum peke yake na kumaliza kwa saa 2:09:21, rekodi mpya ya Olimpiki, Treacy akiwa nyuma yake kwa sekunde 35 na Spedding kwa 37. Ikangaa alikuwa wa sita kwa 2:11:10, sekunde moja nyuma ya de Castella, ambaye inaonekana alikuwa ameandikiwa kumtangulia kwa kidogo kila mara. Nzau akawa wa saba. Ureno kulikuwa usiku wa manane, na watu walikuwa macho.

Wapinzani wangu watauliza kuhusu Ethiopia. Swali ni la haki: Ethiopia iliungana na kambi ya Kisovieti kususia Los Angeles, kama alivyokosekana pia Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, bingwa wa marathoni wa 1976 na 1980. Kwa hiyo hata dhahabu ile, ukitaka kuwa mkali, ina kiti kitupu pembeni yake.

Ndiyo maana nasema tuitazame Lisbon. Tarehe 24 Machi 1985 mashindano ya dunia ya nyika yalifanyika katika jiji la nyumbani kwa Lopes, na katika mashindano ya nyika hakukuwa na aliyesusia. Ethiopia ilikuja na timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa timu kila mwaka tangu 1981, na siku hiyo ikautwaa tena. Kenya ilikuja na kizazi kilichokuwa kinaiva. Warefu kwa wafupi, vijana waliozaliwa wakati Lopes akihangaika kupata nafasi katika timu ya mpira ya kijijini kwao, walipanga mstari pamoja na mtu wa miaka 38. Akawashinda wote. Wa pili alikuwa Paul Kipkoech wa Kenya, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 huko Roma. Wa tatu alikuwa Wodajo Bulti wa Ethiopia. Kama kuna mbio moja ya kumpa mtu anayeamini kwamba Lopes aliishi kwa bahati ya wasiokuwepo, ni hiyo. Mimi naiweka juu ya dhahabu ya Los Angeles, ingawa najua Wareno hawatakubali.

Wiki nne hazijaisha, tarehe 20 Aprili, akawa Rotterdam kwa mara nyingine, kwenye barabara zile tambarare zilizompa sekunde mbili za uchungu mwaka 1983. Muda bora wa dunia ulikuwa wa Steve Jones wa Wales, 2:08:05, alioukimbia Chicago Oktoba 1984 katika mbio ambazo Lopes mwenyewe alikuwa wa pili. Sasa Lopes alikimbia 2:07:12. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kumaliza marathoni chini ya saa 2:08, na wa kwanza kufanya hivyo akawa mtu aliyebakiza chini ya miaka miwili kutimiza 40, akienda kwa wastani wa dakika tatu na sekunde moja kwa kila kilomita. Oktoba hiyo Jones alirudi Chicago kuutafuta muda wake uliochukuliwa, akamaliza kwa 2:07:13. Sekunde moja! Ilimlazimu Belayneh Dinsamo wa Ethiopia kufika kwenye barabara hizohizo za Rotterdam mwaka 1988 ndipo muda wa Lopes uliposhuka, ukawa 2:06:50.

Baada ya Rotterdam hakubakiza makubwa. Mwili ulianza kudai madeni yake, na aliondoka bila kelele nyingi. Machi 1986, huko Neuchâtel nchini Uswisi, Ngugi alishinda taji lake la kwanza la dunia la nyika kati ya matano, na Kenya ikaanza mfululizo wa mataji ya timu uliokwenda hadi 2003 bila kukatika. Tangu Lisbon 1985 hakuna mwanamume mzaliwa wa Ulaya aliyeshinda mbio hizo ndefu za dunia. Mohammed Mourhit aliyezishinda kwa ajili ya Ubelgiji mwaka 2000 na 2001 alizaliwa Morocco. Ureno yenyewe haikulala: Rosa Mota alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987 na dhahabu ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988, Fernanda Ribeiro akashinda mita 10,000 huko Atlanta mwaka 1996, na António Pinto akaushusha muda wa Lopes hadi 2:06:36 huko London mwaka 2000. Lisbon imeliita jumba moja zuri la zamani, lililo katika bustani ya Eduardo VII, kwa jina la Lopes, na Porto imefanya hivyo kwa Rosa Mota.

Rekodi yake ya Olimpiki ilikaa miaka 24. Seko, Bordin, Wakiihuri, Baldini na wengine wengi walikimbia Olimpiki baada yake bila kuigusa, mpaka asubuhi ya joto ya Agosti 2008 jijini Beijing, ambapo Samuel Wanjiru wa Kenya alikimbia kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba marathoni ya Olimpiki huenda polepole, akaiteremsha hadi 2:06:32. Wanjiru alikuwa na miaka 21. Alizaliwa Novemba 1986, wakati Lopes amekwisha kufanya yote aliyokuja kuyafanya. Mei 2011 alikuwa amefariki, akiwa na miaka 24, umri ambao Lopes alikuwa bado hajaionja hata Olimpiki yake ya kwanza.

Muda, basi, tumeuchukua. Umri bado. Eliud Kipchoge aliposhinda marathoni ya Olimpiki huko Sapporo mwaka 2021 alikuwa na miaka 36, akakaribia. Aliporudi Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 39 alitembea, kisha akajitoa baada ya kilomita 30. Mwanamume mkubwa kuliko wote kwa umri kuwahi kushinda marathoni ya Olimpiki bado ni yule fundi wa Vildemoinhos, na safari hii, ukiacha Waethiopia waliosusia Seoul mwaka 1988, watu wetu wamekuwepo kila mara, kwa miaka arobaini.